Jinsi ya Kuichukia Taragoni Bila Kuionja

Wapo watu wanaojisumbua kuonja kitu kabla ya kukilaumu. Kwa asiye na muda huo, hatua tano zifuatazo zitamfikisha kwenye chuki kamili ya taragoni, jani maarufu la majiko ya Ufaransa.

1. Nunua mbegu. Taragoni ya Kifaransa ni tasa: kuchanua huchanua kwa nadra, na mbegu za kuota haina. Huzalishwa kwa vipandikizi au kwa kugawanya mizizi. Lakini pakiti imeandikwa "taragoni", nayo pakiti haisemi uongo. Itakayoota ni ya Kirusi: ndefu, shupavu, isiyo na harufu ya maana. Unaponunua mche, usitafune jani kwanza. La Kifaransa lingejifichua papo hapo kwa utamu wa shamari na ganzi kidogo kwenye ncha ya ulimi.

2. Pendelea iliyokaushwa. Harufu ya taragoni imo katika mafuta mepesi, na mengi huruka jani linapokauka. Kichupa kilichokaa rafuni tangu uchaguzi uliopita kinafaa sana. Wanaolowesha majani mabichi kwenye siki ili kuitunza ladha, waache na ushamba wao.

3. Chemsha tangu mwanzo. Tosa jani moja pamoja na kitunguu, ukalale. Wafaransa hulikatakata na kulitia mwishoni, kwenye kuku wa malai au kimanda cha mayai. Ukitajiwa Wageorgia wa Kaukasi, ambao chakapuli yao ya mwanakondoo na plamu chachu huchemka na taragoni muda mrefu, nyamaza. Wao hutia mafungu mazima mabichi, si jani moja la kuhurumiwa.

4. Simulia historia. Wageni wakionja mchuzi wa béarnaise, ule wa siki, vitunguu vidogo, viini vya mayai, siagi na taragoni, waambie alipikiwa Mfalme Henri IV wa Ufaransa. Mfalme aliuawa mwaka 1610 na mchuzi ni wa karne ya 19, lakini msimulizi hodari hazuiwi na kalenda.

5. Itibie malaria. Taragoni ni ya jenasi moja na Artemisia annua, mmea unaolimwa pia Kenya na Tanzania, ambao ndio chimbuko la artemisinini, dawa iliyompatia mwanasayansi Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa hesabu ya kijiweni, basi, sahani ya kuku ni dozi. Binamu wa daktari naye si anaruhusiwa kupasua watu?

Ukishamaliza, tangaza kwamba taragoni haina ladha. Akitokea mtu wa kukubishia, mwenye mche wa Kifaransa aliomegewa na jirani yake, usimsikilize. Huyo ameionja, kwa hiyo ushahidi wake una upendeleo.