Kiu ya Printa

Anayeamua kuchapa picha zake nyumbani, iwe Ibanda au Kadutu jijini Bukavu, huelekezwa na miongozo atumie karatasi ya kung'aa na nukta 300 kwa kila inchi, yaani takriban nukta 1200 kwa 1800 kwa picha ya sentimita 10 kwa 15. Miongozo hiyo haitaji umeme, pengine kwa kuwa walioiandika hawajawahi kukaa Bukavu, jiji ambalo mto Ruzizi, unaozungusha mitambo ya umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, huanzia mlangoni pake, na ambalo hata hivyo limezoea giza. Umeme ukikatika bibi harusi akiwa amechapwa shela na paji la uso tu, kichwa cha kuchapia, yaani sehemu yenye vitundu vinavyonyunyiza wino, hubaki wazi na kuanza kukauka. Ukirudi, mashine hujisafisha kwanza kwa kunywa wino ulionunuliwa kwa dola. Samawati ikiisha, bwana harusi hutoka mwekundu kama aliyekosana na wakwe. Na ikiwa picha ilipitia WhatsApp, ambayo huibana ili isafiri haraka, ukungu wake huchapwa kwa uaminifu usio na dosari. Mpiga picha wa mtaani, mwenye jenereta, humsubiri mteja huyu bila kumtafuta.