Kwa Heshima ya W61.33XA

Mnazi umekwisha kusifiwa na washairi wa pwani, kuanzia mizizi hadi makuti, na jahazi nalo halikusahauliwa. Leo naomba nafasi nimsifie asiye na mshairi: msimbo wa tiba wa Marekani, ule unaoandikwa kwenye dai la malipo ili daktari alipwe. Madaktari wanaulaani na wagonjwa hawaujui. Maofisa wa afya wa majimbo wanautii kwa sababu Washington imesema utiiwe.

Tuanze na ulio bora. W61.33XA maana yake umedonolewa na kuku. W61 ni mambo ya ndege, tarakimu zinazofuata zinamtaja kuku na kosa lake, na A inasema ndiyo kwanza umefika kutibiwa. Ukirudi kuangaliwa kidonda, A inakuwa D. Ukibaki na athari za baadaye, inakuwa S. Katikati imekaa X, ambayo haina maana yoyote. Ipo kushikilia nafasi tu, kama mjumbe wa kamati anayelipwa posho kwa kukalia kiti. Na asikudanganye mtu kwamba kudonolewa na kuku ni sawa na kupigwa na kuku. Kupigwa ni W61.32. Serikali yenye mambo madogo isingejali tofauti hiyo.

Kisha kuna V97.33XD, ya mtu aliyevutwa ndani ya injini ya ndege ya jeti, na hapa naomba uitazame vizuri ile D: mtu huyo amerudi kliniki kuendelea na matibabu. Nani tena ana imani kubwa namna hiyo juu ya mwanadamu? Kuna msimbo wa bwawa la kuogelea la gerezani. Kuna Z63.1, matatizo ya uhusiano na wakwe, ambayo kwetu huitwa ndoa.

Lakini utukufu wake kamili unaonekana pale unapokutana na majimbo. Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, hugharimiwa na serikali ya shirikisho pamoja na majimbo, na kila jimbo huiendesha lenyewe. Zamani majimbo yalijitungia misimbo ya kienyeji kwa huduma zao. Ndipo Bill Clinton akatia saini sheria ya HIPAA mwaka 1996, ikaagiza madai ya kielektroniki yatumie misimbo ya aina moja nchi nzima, na mwisho wa 2003 ile ya kienyeji ikazikwa. Tena sehemu ya lugha hiyo ya lazima, misimbo ya CPT inayotaja kazi aliyoifanya daktari, ni mali ya chama cha madaktari cha Marekani, chenye hakimiliki yake. Sheria inakulazimisha useme, na mwenye maneno anakudai ada. Biashara gani imebarikiwa kuliko hiyo?

Ikaja zamu ya ICD-10, toleo jipya la misimbo ya maradhi na majeraha, kuku wetu akiwemo, badala ya ICD-9. Idadi ya misimbo ingepanda kutoka kama 14,000 hadi karibu 70,000. Tarehe ikapangwa 2013, ikasogezwa 2014, ikasogezwa tena 2015. Mbunge Ted Poe wa Texas akapeleka muswada wa kuizuia kabisa, haukufika popote. Tarehe 1 Oktoba 2015 majimbo yote yakasalimu amri. Yote, ingawa California, Louisiana, Maryland na Montana yalisalimu kwa namna yake. Mitambo yao ya malipo ilikuwa haijawa tayari, kwa hiyo yaliruhusiwa kupokea dai la ICD-10, kuligeuza kuwa ICD-9, kisha kukokotoa malipo kwa hesabu ileile ya zamani. Daktari aliumiza kichwa kutafuta herufi ya saba, ile A, D au S. Kompyuta ya jimbo ikaitupa. Mimi naona hapo utii wa hali ya juu: amri imefuatwa, na hakuna kilichobadilika.

Wenye nongwa watasema msimbo wa kuku si wa lazima hata hivyo, kwa kuwa hakuna agizo la nchi nzima la kuripoti visababishi vya nje vya majeraha. Ni kweli. Uzuri haujawahi kuwa wa lazima.

Wala msimbo hauwabagui wasemao Kiswahili. Misimbo ya kienyeji ilipofutwa, ofisi za Medicaid za majimbo zilitengewa kundi linaloanza na T, na humo imo T1013: ukalimani, kwa kila dakika 15. Katika majimbo yanayoulipia, bibi mkimbizi kutoka Kongo anaweza kuketi na mkalimani wa Kiswahili mbele ya daktari. Bibi akianza na salamu, robo saa ya kwanza imekwenda, na inahesabiwa. Robo ya pili ni ya safari, kambi, na mwana aliyebaki nyuma. Ya tatu ni ya mizizi aliyochemshiwa na jirani, haikumfaa. Mkalimani anafasiri yote, daktari anatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kisha anageukia skrini yenye misimbo zaidi ya 70,000 na kuchagua R10.9: maumivu ya tumbo, yasiyobainishwa.