KTM Kalala Mamba

Banda la fundi pale Mamba, milimani Upare, lina kuta za mabanzi, bati linalopiga ngoma mvua ikianza, na harufu mbili zisizoachana: oili chafu na tangawizi. Usiku huo wa vuli lilijaa pikipiki. Boxer alikuwa ametua magunia mawili ya tangawizi, mgongo bado unafuka moshi. TVS aliegemea ukuta akingoja cheni. Pembeni, juu ya matofali, alisimama Yamaha DT, mzee aliyeletwa milimani na mradi wa kilimo miaka mingi iliyopita. Mradi ulikwisha, kabureta ikaenda kwingine, masimulizi yakabaki. Na juu ya boriti alikuwapo Kuku wa jirani, ambaye hulala bandani kwa sababu nyumbani kwake kuna kesi.

Kwenye saa mbili akaingizwa mgeni, amesukumwa na vijana wanne wenye tope hadi magotini: KTM 690 Enduro, rangi ya chungwa, tyubu ya mbele imechanwa na jiwe. Mwenye chombo alikuwa ameshaelekezwa kwenye makande.

BOXER: Karibu mgeni, pole na safari.

KTM: Asante. Hapa wanapaitaje?

BOXER: Mamba.

KTM: Mamba! Wa mtoni?

KUKU: Wa mlimani. Wa mtoni anauma kwa meno, huyu wa kwetu anauma kwa hati ya kuitwa shaurini.

DT akakohoa. Kimya kikaingia.

KUKU: Mgeni, huku mdogo humwamkia mkubwa.

KTM: Shikamoo mzee.

DT: Marahaba. Mbona umenuna? Tyubu tu hiyo.

KTM: Silii tyubu, mzee. Nalilia ukoo. Kila ninapolala nakuta uvumi umefika kabla yangu. Nairobi waliniuliza, Arusha wakaniuliza. Hata pale Same mtu wa sheli alinitazama kwa huruma, kama anayetazama jeneza.

TVS: Kwani si kweli? Dereva wangu amefunga simu hapa kwenye usukani na taarifa zote zinapita masikioni mwangu. Mmenunuliwa na Bajaj wa Pune, India.

Boxer, mtoto wa Bajaj, alianza kucheka kwa mbali, kama injini inayoshika asubuhi ya baridi, kisha akacheka hadi kioo chake kimoja kilichobaki kikageukia dari.

BOXER: Yaani sisi ni ndugu? Shikamoo kaka!

KTM: Tusiseme kununuliwa. Ni mbia. Alikuja mwaka 2007 na hisa asilimia 14 na nusu tu.

KUKU: Kama mkwe. Anakuja kusalimia, anaomba pa kuweka begi, mwaka wa pili anakuuliza wewe unaondoka lini.

KTM: Akaongeza polepole. Kisha tukaanguka. Tarehe 29 Novemba 2024 tulikwenda wenyewe mahakamani kusema hatuwezi kulipa. Kiwanda cha Mattighofen kikasimama Desemba, kikaamka Machi, kikalala tena kwa kukosa vipuri, kikaamka Julai 2025.

TVS: Hicho kiwanda au jenereta?

KTM: Bajaj akatoa euro milioni 800 kwa jumla, na Novemba 2025 akashika usukani. Hata jina la kampuni mama likabadilika. Ilikuwa Pierer Mobility, sasa ni Bajaj Mobility.

Hapo hata DT aliinua taa yake isiyowaka. Kwa Mtanzania, bajaji ni kile chombo cha miguu mitatu kinachobeba akina mama wa sokoni na kinachogeukia popote bila ishara. Jina la kampuni limekwisha kumezwa na barabara, sasa ni herufi ndogo.

BOXER: Kwa hiyo wewe ni bajaji.

KTM: Mimi si bajaji!

BOXER: Bajaji aliyepoteza tairi moja. Usijali, kuna bajaji kule tambarare anatamani sana kupanda huku, hajawahi kuvuka kona ya tatu. Nitampa salamu zako.

KTM: Wenye pikipiki huko kwetu wamevurugikiwa. Wapo wanaosema watatuhamishia India wote, chuma kitapunguzwa, rangi itafifia, timu ya mashindano itavunjwa. Mmoja amejichora nembo yetu begani. Anauliza kama inafutika.

DT: Huyo aliyejichora, pikipiki yake ni ya mwaka gani?

KTM: 2006.

DT: Amewahi kununua nyingine?

KTM: Hapana. Anasema za zamani zilikuwa imara.

DT: Basi ndiye aliyewafilisi. Anawapenda mno hata hanunui.

TVS: Sisi TVS mwaka 2020 tulimnunua Norton wa Uingereza, na sikusikia mtu akifuta bega. Tata alimchukua Land Rover mwaka 2008, na Land Rover zinaendelea kupanda milima.

DT: Land Rover zilizopanda huku ni za zamani, usichanganye madaftari. Enzi hizo kupanda Mamba ilikuwa Land Rover, miguu, au mimi. Mgeni, hebu tuambie, ukoo wenu ulianzaje?

KTM: (akajinyoosha) Hans Trunkenpolz alifungua karakana Mattighofen, Austria, mwaka 1934. Pikipiki yetu ya kwanza kutoka kiwandani, R100, ilitoka mwaka 1953.

DT: Ilikuwa cc ngapi?

KTM: ...

DT: Sijasikia.

KTM: Tisini na nane.

BOXER: Tisini na nane! Mimi hata yule Boxer mdogo wa cc 100 namdharau!

DT: Na injini ilikuwa yenu?

KTM: Ya Rotax.

DT: Boxer, acha kucheka. Wewe nakukumbuka ulipokuwa unaandikwa Kawasaki ubavuni. Hapa hakuna mtoto wa ndoa moja.

TVS alitaka kusema jambo, akakumbuka na yeye aliwahi kuishi na Suzuki, akanyamaza.

KTM: Lakini Dakar! Mnaijua Dakar? Kuanzia 2001 hadi 2019 hakuna aliyetushinda. Mara kumi na nane mfululizo. Majangwa, mawe, matuta ya mchanga.

BOXER: Ndiyo, Senegal, nimesikia.

KTM: Zamani ilikuwa Senegal. Kuanzia 2009 ilihamia Amerika ya Kusini. Sasa iko Saudi Arabia.

BOXER: Na bado inaitwa Dakar?

KTM: Bado.

BOXER: Kama basi lililoandikwa Same linakushusha Lushoto, na konda anakwambia shukuru, zote ni milima. Mwaka 2020 ikawaje?

KTM: Honda.

DT: Mjapani mwenzangu. Endelea.

BOXER: Sasa nitazame na mimi, kaka. Sogeza hiyo taa yako.

KTM akageuza shingo. Boxer alikuwa ameongezwa nondo kila palipowezekana kuongezwa nondo. Keria ilichomelewa upya na kunyooshwa hadi nyuma ya taa. Kiti kilijazwa sponji na kushonewa turubai la bluu. Kwenye vishikio vya miguu kulikuwa na vipande vya mpira wa tyubu, vilevile vinavyofunga magunia, kitanda cha chuma, mbuzi na, siku moja, mlango wa kanisa. Tairi la nyuma lilikuwa limezungushiwa cheni kuukuu, kwa sababu udongo mwekundu wa Upare ukilowa haumheshimu mtu. Kipima mwendo kilikuwa kimesimama kwenye kilomita sifuri kwa saa, na kilikuwa na muda mrefu hapo.

BOXER: Jana nimeteremsha mama mjamzito, mama mkwe wake na beseni. Utelezi, ukungu, na taa naiwasha kwa kupigwa kibao. Leo magunia mawili na mwenye magunia, ambaye hataki kuyaacha yasafiri peke yake. Mchezo wa namna hii kwenu mnauitaje?

KTM: Enduro. Watu wanalipa fedha nyingi kuucheza.

BOXER: Huku wanalipa elfu tatu, na wanaomba wapunguziwe.

KTM: Una hali gani za uendeshaji? Mimi ninayo ya barabara na ya vumbi, unabonyeza kitufe.

BOXER: Ninayo ya kupanda na ya kushuka. Ya kushuka tunazima injini kuokoa mafuta.

Mvua ikaongeza kasi. Kuku akashuka kutoka kwenye boriti, akatua juu ya kiti cha KTM, kiti kilichoandikwa kwa maandishi makubwa kwamba mwenyewe yuko tayari kwa mashindano. Akajikunyata. Akafanya na lile ambalo kuku hufanya akijikunyata.

KUKU: Nirudishe kwenye shauri. Waliokuwa wanawadai walilipwa?

KTM: Tarehe 25 Februari 2025 walikubali asilimia 30 ya madai yao.

KUKU: Thelathini! Kwenye kila mia, thelathini! Na wakakubali? Hakuna aliyekata rufaa? Hakuna aliyeuza ng'ombe?

KTM: Kuuza ng'ombe kwa nini?

KUKU: Apate nauli ya kufuatilia. Mgeni, unamtazama kielelezo namba moja. Majirani wawili wananigombea tangu nikiwa kifaranga. Mmoja anasema yai lililonitoa lilikuwa lake, mwingine anasema jogoo ni wake. Baraza la kata limeshindwa, mmoja ameshauza mbuzi, na mbuzi huyo pekee angenunua kuku kumi na tano wa kama mimi. Ukiwaambia wagawane asilimia, wanakuuliza unawadharau kwa nini.

KTM: Pole sana.

KUKU: Pole ya nini? Kielelezo hakichinjwi. Kesi ikiisha, mimi ni mchuzi. Nanyi hamkujua hilo, mkaharakisha maridhiano. Mngeivuta miaka ishirini mngeishi bila bwana.

DT: Na si mara yao ya kwanza. Mradi wangu ulikuwa na majarida. Mwaka 1991 walifilisika vilevile, wakakatwa vipande: pikipiki huku, baiskeli kule, rejeta upande mwingine.

KUKU: Mara mbili! Mpare akifilisika mara mbili wazee wanakaa kumuuliza mama yake alitokea wapi.

Boxer alikuwa amenyamaza. Sauti yake ilipotoka haikuwa na kicheko tena.

BOXER: Mimi kuna jambo linanikera. Wewe unalia kwamba Bajaj atakuharibu. Euro milioni 800 ni zaidi ya shilingi trilioni mbili. Hizo fedha amezitoa wapi?

TVS: Kwenye mauzo.

BOXER: Ya nani? Dereva wangu ana mkataba. Kila jioni anapeleka elfu kumi kwa tajiri, jua liwake, mvua inyeshe, mwaka mzima, ndipo niwe wake. Na hapo tajiri ananunua Boxer mwingine. Vijiwe vyote, Same, Kampala, Kisumu, wanafanya hivyohivyo. Hizo elfu kumi ndizo zilizokwenda kumnyanyua bingwa wa Dakar.

KUKU: Trilioni mbili kwa elfu kumi kwa siku ni zaidi ya miaka laki tano. Na huku Sabato hatufanyi kazi, ongeza.

BOXER: Sasa kijiweni kila mtu ana lake. Mmoja anasema bati la tangi litakuwa jembamba ili deni la Wazungu lilipwe. Mwingine anasema Boxer ijayo itakuwa ya chungwa na bei ya gari. Juzi dereva wangu amekwenda kununua breki shuu, muuzaji akamwambia zimepanda kwa sababu ya Austria. Austria! Mwezi uliopita ilikuwa dola, kabla ya hapo vita. Yule muuzaji hajui Austria iko wapi, lakini bei yake anaijua.

KTM: Sikuwahi kulifikiria hilo.

BOXER: Na aliyejichora begani hakulifikiria. Anaogopa usije ukafanana na mimi. Mimi naogopa nisije nikafanana na wewe: nisimame na tyubu iliyochanika, vijana wanne wanisukume, na mwenyewe awe anakula.

Hakuna aliyejibu. TVS, ambaye usiku kucha alikuwa akitafuta nafasi ya kusema kwamba kwao mambo ni shwari, aliiona nafasi hiyo na akaiacha ipite.

Alfajiri fundi alikuja na taa kichwani. Akapima gurudumu la mbele la KTM kwa mkono, akakuna kidevu. Tyubu ya inchi 21 haipo Mamba, na Same ingekuwa safari ya siku. Akageuka, akamtazama DT.

DT: Nilijua.

KTM: Mzee, ni tyubu ya Yamaha.

DT: Inchi 21 ni inchi 21. Ndani ya tairi hakuna anayesoma jina.

Fundi akailegeza, akaitoa, akaibandika kiraka kimoja juu ya viraka vitatu vya zamani, akaipitisha kwenye tairi la mgeni na kupiga pampu hadi jasho likamtoka. DT akabaki na rimu tupu juu ya tofali. Mwenye KTM akalipa, akafunga mkoba wa nyuma ambao usiku kucha ulikuwa wazi, akabonyeza kitufe. Boxer naye alikuwa tayari chini ya magunia, akapigwa kiki moja. Wakashuka pamoja kwenye ukungu, Boxer mbele.

Kuku alirudi kutoka kuchakura, akatazama huku, akatazama kule.

KUKU: Mkoba uko wapi?

TVS: Umeondoka na mwenyewe.

KUKU: Nilitaga humo! (Akatoka mbio hadi ukingoni mwa barabara, mabawa wazi.) Simameni! Yai langu! Sasa nimshtaki nani, wa Mattighofen au wa Pune?

DT: Anza na fundi. Yuko karibu.