Shikamoo Mzee, Naomba Utupishe

Nimefukuzwa steshenari. Ningefukuzwa kwa matusi ningeyajibu, lakini nimefukuzwa kwa adabu, na hiyo sikuiwezea. Kijana mwenye kompyuta alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Shikamoo mzee." Nikaitika marahaba. "Mzee wangu, naomba utupishe kidogo." Hiyo "kidogo" nilitoka nayo mlangoni, na mpaka ninapoandika haya haijaniita nirudi.

Watu wa foleni wakanifungulia njia, njia ileile waliyokuwa wamenikatalia nilipokuwa naingia. Mama mmoja aliyekuja kutoa nakala za ratiba ya mazishi alinitazama kwa jicho ambalo hata marehemu angeliona angenihurumia. Nikavuka barabara na bahasha yangu, nikasimama chini ya mwembe upande wa pili wa stendi ya Nachingwea, nikisingizia kungoja gari la Ruangwa, wilaya ya jirani. Makonda watatu wakaja kunipakia kwa nguvu.

Chanzo cha aibu hii ni kazi iliyofanywa na wahandisi wa Marekani kabla kijana yule hajazaliwa. Tarehe 3 Januari 2018 ilitangazwa kwamba ndani ya prosesa, kile kidude kinachopiga hesabu zote za kompyuta, kuna udhaifu wa aina mbili, Meltdown na Spectre. Waliougundua ni watu wa mahali mbalimbali: Jann Horn wa kikosi cha Project Zero cha Google, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz kule Austria, wataalamu wa kampuni ya Cyberus ya Ujerumani, na Mmarekani Paul Kocher. Karibu kila prosesa ya Intel iliyotengenezwa tangu 1995 imo kwenye Meltdown. Spectre yenyewe ikasambaa hadi kwa AMD na ARM. Udhaifu huo ukachorewa na nembo: Meltdown ni ngao inayoyeyuka, Spectre ni mzimu mweupe wenye tabasamu, umeshika kijiti.

Picha ya mzimu ndiyo niliyowaonyesha watu wa steshenari, kwenye simu yangu.

"Huyo yumo kwenye kompyuta hii?" akauliza mzee aliyekuja kupiga picha za pasipoti.

"Yumo kwenye karibu zote."

"Hata za Ruangwa?"

"Hata za Ruangwa."

"Basi wao mbunge wao ndiye Waziri Mkuu, watamwambia awatolee. Sisi huku tutamwambia nani?"

Foleni ikacheka, mimi nikaona nimepata hadhira. Naomba na wewe msomaji uvumilie hapa, maana jambo lenyewe ni tamu kuliko kisa changu.

Prosesa ina haraka isiyo na mfano. Ikiagiza kitu kutoka kwenye kumbukumbu kuu, ule muda wa kungoja, ambao mimi na wewe hatuwezi hata kuuhisi, kwake unatosha kufanya mamia ya kazi. Kwa hiyo wahandisi waliifundisha kubashiri. Ikifika njia panda haingoji kuambiwa kulia au kushoto. Inakisia, inaendelea na kazi. Ikipatia, muda umeokolewa. Ikikosea, inafuta ilichofanya kana kwamba hakijatokea, inarudi njia panda. Na inapatia zaidi ya mara tisa kwa kumi. Ubashiri huo ni sehemu kubwa ya kasi tunayoilipia dukani.

Sasa chukua ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, msimu wa malipo ya korosho. Dirishani yuko karani mwepesi. Nyuma kuna ghala la madaftari. Chumba cha pili yuko mwenyekiti, ambaye ndiye mwenye ruhusa zote, na hana haraka hata chembe. Mimi sina haki ya kujua jirani yangu kalipwa ngapi. Naenda dirishani, namwambia karani: angalia tarakimu ya kwanza ya malipo ya jirani yangu, kisha nitolee daftari lenye namba hiyohiyo. Karani anapaswa kumngoja mwenyekiti. Lakini kwa kuokoa muda anafungua jalada la jirani, anaona 7, anakimbilia ghalani, analeta daftari namba 7 mezani. Ndipo sauti ya mwenyekiti inasikika: "Huyo haruhusiwi!" Karani anafunga jalada, ananiambia, "Samahani mzee, sina la kukuambia." Na kweli hajaniambia kitu. Ila daftari namba 7 amelisahau mezani.

Mimi siondoki. Naweka sura ya upole, naomba kuona daftari namba 1, maana madaftari yenyewe ni ya wazi kwa kila mwanachama. Anakwenda ghalani, anakawia. Naomba la 2, anakawia. La 3, vilevile. Naomba la 7: hili hapa! Nashukuru, narudi foleni kuulizia tarakimu ya pili. Hakuna kufuli lililovunjwa, hakuna jina langu kwenye kitabu cha wageni. Kilichonipa siri ni saa tu. Ile meza ya karani ndani ya prosesa inaitwa kashe, na watafiti wa Meltdown waliweza kuchota siri kwa njia hii hadi kilobaiti 503 kwa sekunde. Hata kivinjari cha Firefox, siku moja baada ya tangazo, kilitoa toleo lenye saa iliyofanywa butu kwa makusudi, isipime chini ya mikrosekunde 20, ili tovuti yenye nia mbaya isiweze kumpima karani.

Nilipomaliza, steshenari nzima ilikuwa kimya. Mama wa mazishi ndiye aliyeuliza swali ambalo nadhani hata wakubwa wa Intel waliulizana: "Kwa nini huyo karani wasimfukuze?"

Kwa sababu yeye ndiye kasi yenyewe, mama. Kwa upande wa Meltdown, kilichofanyika ni kuyahamishia majalada ya siri jengo jingine. Kila karani akiyahitaji afunge ofisi, avuke barabara, afungue, arudi. Usalama unapatikana, mwendo unapungua. Hilo ndilo sasisho.

"Mzee, hiyo apdeti sisi tunayo?" kijana akauliza.

Nikasema tuangalie. Na hata leo nasema lilikuwa jambo la haki kuangalia.

Kompyuta ile ni mtumba, kama nyingi za huku. Imefanya kazi ofisini kwa Wazungu, imestaafu, imekuja kuanza utumishi mpya kusini. Haikuwa imesasishwa tangu ishuke bandarini. Antivairasi yake ilikuwa imekwisha muda, ikiomba ilipiwe kila baada ya dakika chache. Nilikuwa nimesoma kwamba mwezi Januari Microsoft iliyazuia masasisho yasifike kwenye kompyuta ambazo antivairasi zake hazijathibitishwa, kwa kuwa baadhi ziligongana na marekebisho hayo, kompyuta ikaishia kwenye skrini ya bluu. Nikamshauri aitoe. Akaitoa. Tukawasha intaneti kutoka kwenye simu yake, na mamia ya megabaiti yakaanza kuteremka. Bando lake likaisha. Tukahamia langu.

Mwalimu mmoja, hana habari, akachomeka flashi yenye mitihani. Mnaojua steshenari mmeshajua. Kila folda ikageuka shortcut. Mitihani, barua za maombi ya kazi, kadi za mchango wa harusi, na ratiba ya mazishi iliyokuwa imeshachapwa, zote zikawa vialama vyenye kimshale pembeni, ukibofya hakifunguki kitu. Tulikuwa tunamzuia mdukuzi wa nanosekunde, kumbe kirusi wa tangu enzi za simu za kufunua alikuwa kwenye foleni na zamu yake imefika.

Nikamwambia kijana asiwe na hofu, mafaili yapo, yamefichwa tu, tutayafichua sasisho likimaliza. Kompyuta ikajizima ili ijiwashe. Ikaandika asilimia, ikaonya isizimwe. Asilimia 10. Asilimia 22. Mama akasema, "Mwanangu, tunazika saa kumi." Ilikuwa saa nane. Nikamjibu kwa niaba ya kijana kwamba 30 imeshafika. Umeme ukakatika.

Uliporudi, kompyuta iliandika kwamba inarudisha mabadiliko. Ikajizima. Ikawaka, ikaandika kwamba inaendelea kuweka mabadiliko. Ikajizima. Ikawaka, ikarudisha tena. Nilikuwa naanza kumweleza mwalimu kwamba haya si ya kwetu peke yetu, kwamba mwezi Januari kompyuta zenye prosesa za zamani za AMD ziligoma kabisa kuwaka baada ya sasisho mpaka Microsoft ikalisimamisha kwa muda, na kwamba tarehe 22 ya mwezi huohuo Intel yenyewe iliwaomba watu waache kuweka marekebisho yake kwa kuwa kompyuta zilikuwa zinajizima na kujiwasha hovyo. Sikumaliza. Ndipo iliposikika ile shikamoo.

Ratiba ilisomwa kaburini kutoka kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa mkono. Nasikia hotuba zilikuwa fupi na watu walishukuru.

Ruangwa nilikokwenda kutafuta fundi, mambo hayakuchukua muda. Fundi wa kwanza aliuliza kama huo mzimu unatoka ukipiga Windows upya. Wa pili alichukua selotepu akaziba kamera. Kwenye ofisi moja walinihakikishia kompyuta yao iko salama kabisa, na nawaamini: imefunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake pamewekwa chombo cha maua.

Shangazi yangu ndiye aliyenimaliza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa kiswaswadu chake kwenye pindo la khanga, akauliza, "Na hiki?" Hicho, shangazi, kiko salama. Tena hata simu nyingi za kupangusa za bei ya chini za wakati huo zilikuwa salama, kwa sababu prosesa zake, kama Cortex-A7 na Cortex-A53 za ARM, zinafuata kazi kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, bila ule ubashiri wa mbio unaovujisha siri. Hazimo kwenye orodha ya walioathirika ambayo ARM yenyewe iliitoa. Miongoni mwa walioathirika ni wenye iPhone. Apple ilikiri tarehe 4 Januari kwamba vifaa vyake vyote vya iOS vimo. Binamu yangu aliyekuja kutoka Dar akaiingiza yake mfukoni taratibu. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

Mimi sikucheka sana, maana kuna jambo linanikereketa. Google iliwapa taarifa Intel, AMD na ARM tarehe 1 Juni 2017. Sisi wengine tuliambiwa Januari 2018. Katikati hapo prosesa ziliendelea kuuzwa kwa bei kamili. Mwezi Novemba 2017 mkuu wa Intel wa wakati huo, Brian Krzanich, aliuza hisa zake nyingi. Kampuni ilisema mauzo hayo hayahusiani na jambo hili. Kisha Aprili 2018 Intel ikatoa orodha ya prosesa ambazo haitazitengenezea marekebisho ya aina mojawapo ya Spectre: Penryn, Wolfdale, Yorkfield na nyinginezo, nyingi zikiwa za miaka ya 2007 hadi 2011. Hizo ndizo zilizokuwa zikipatikana kwenye mitumba. Miongoni mwa sababu walizotoa, eti nyingi zinatumika kwenye mifumo iliyofungwa. Iliyofungwa! Ingia steshenari yoyote ya mji mdogo uhesabu flashi zinazoingia na kutoka: vyeti vya kuzaliwa, namba za akaunti za wakulima, hati za viwanja. Siri za wilaya nzima zinapita mle, na ndizo zimeambiwa zijitegemee.

Na Nachingwea hatukuanza leo kulipia makisio ya watu wa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikisia kwamba ardhi yetu itawapa karanga za kutosha, haikungoja udongo utoe jibu. Bandari ikaanza kujengwa Mtwara na reli ikaletwa mpaka hapa, karanga zije zikute kila kitu tayari. Karanga hazikuja. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zikaandikwa hasara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Kata ya Stesheni ipo mpaka leo, treni hakuna. Waliokisia walishaondoka zamani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotengeneza prosesa ni dogo: dawa ya kosa la kiwandani isikatwe kwenye bando la mteja, na mwenye kompyuta ya mtumba naye ahesabiwe kuwa mteja. Na wewe mwenye steshenari unayesoma hapa, weka sasisho. Liweke usiku, mlango ukiwa umefungwa, UPS ikiwa na chaji, antivairasi ikiwa hai, na kazi za watu ukiwa umezinakili pembeni. Kompyuta itakuwa nzito kidogo. Liweke hivyohivyo.