Namna ya Kuikwepa VAT bila Kutoka Dukani

Umefungua hadwea Magongo, au duka la spea Mtongwe, au jumla ya vinywaji Mtopanga, na biashara imeshika. Hongera. Kimebaki kikwazo kimoja kati yako na raha: yule mshirika asiyelipa pango wala kubeba mfuko, lakini katika kila shilingi 116 za mteja ana 16 zake. Sogea karibu, tusisikike, nikuonyeshe wajanja wanavyofanya.

Hatua ya kwanza: kuwa maskini kwa karatasi

Sheria inakutaka ujisajili kwa VAT mauzo yako ya bidhaa zenye kodi yakifika milioni 5 kwa miezi 12. Wengi husikia milioni wakadhani hayo ni mambo ya matajiri wa Nyali. Gawanya kwa siku 365: ni kama 13,700 kwa siku. Muuza saruji huzipita kabla ya adhuhuri. Dawa yake ni mauzo yenye adabu, yanayofika milioni 4.9 kila Novemba kisha yakagoma yenyewe hadi mwaka mpya. (Sheria haikusema Januari hadi Desemba, inahesabu miezi 12 yoyote. Lakini tusiharibiane siku.)

Yakikataa kugoma, gawa duka. Mlango wa kulia kwa PIN yako, wa kushoto kwa PIN ya mkeo. Rafu moja, kaunta moja, kijana mmoja anayeuza pande zote mbili. Angalia tu amani ya nyumbani, kwa sababu siku mkikosana, mlango wa kushoto una mwenyewe.

Huko chini ya milioni 5 nako kuna kodi ya mauzo ghafi, asilimia 3 tangu Julai 2023, kwa anayevuka milioni moja. Hiyo nayo hujaisikia. Tuendelee.

Hatua ya pili: till iwe mbovu

Tundika kalenda juu ya stika ya till, ile ya kijani, kiasi cha kuacha tarakimu mbili za mwisho zikichungulia. Mteja akitoa simu, vuta pumzi kwanza, kisha useme, "Till inasumbua tangu asubuhi, mama. Tuma kwa hii." Na hii ni namba ya shemeji yako. Jioni unaanza kumtafuta shemeji. Shemeji yuko Ukunda, simu imezimwa.

Hatua ya tatu: mfukuze mteja mkubwa

Hapa kaza moyo. Atakuja kontrakta anataka mifuko 80 ya saruji na mabati, pesa mkononi, na invoisi ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato (KRA). Anakutajia PIN ya kampuni yake polepole kama anayemsomesha mtoto: P mbele, tarakimu tisa, herufi nyuma. Usidhani anaipenda serikali. Tangu Januari 2024, matumizi yasiyo na invoisi ya eTIMS hayakubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi ya mapato. Asipoipata kwako, saruji yako itahesabiwa kwake kama faida.

Hapo ndipo waliotunga mambo haya walipotupiga chenga, lazima niwape haki yao. Enzi za mashine za ETR ulikuwa unasema karatasi imekwisha, mteja anakuonea huruma, maisha yanaendelea. Siku hizi hawahitaji kuweka askari mlangoni kwako. Mteja mwenyewe ndiye askari, na nauli ya kuja kwako analipa yeye.

Basi mpe bei mbili: bila invoisi 100, na invoisi 116. Atakutazama, atatia PIN yake mfukoni, ataenda duka la tatu kutoka kwako. Mwache. Wewe umebaki na wateja wako wa robo kilo ya misumari, watu wasio na maswali.

Hatua ya nne: kataa risiti za unakonunua

Mantiki ni safi: ukichukua invoisi kwa wakala wa jumla, Mamlaka ya Mapato itajua umenunua, na aliyenunua lazima atauza. Kwa hivyo nunua kimya.

Nikupe hesabu, maana hapa ujanja ndipo unapong'ara. Mwezi huu umenunua mzigo wa 100,000, na VAT juu yake 16,000, ambayo wakala ameshaitia ndani ya bei. Umeuza kwa 120,000, VAT 19,200, na bahati mbaya wanunuzi wote walikuwa wa aina ya yule kontrakta. Mwenye invoisi za manunuzi angetoa 16,000 katika 19,200, akapeleka 3,200. Wewe uliyejificha huna cha kutoa. Unapeleka 19,200 zote. Umewaficha vizuri sana.

Hatua ya tano: nunua programu, usiifungue

KRA wana eTIMS ya bure, ya kompyuta na ya simu. Asiyesajiliwa VAT anaweza hata kubonyeza *222# kwenye kabambe yake. Lakini cha bure hakina heshima. Nunua programu ya hesabu ya kulipia kila mwezi, yenye grafu za rangi, na skrini uielekeze kwa wateja.

Hesabu yenyewe ibaki kwenye kaunta buku lenye alama za vidole vya grisi: "Yule wa tuktuk, saruji 3, kesho." Kesho ya lini, haikuandikwa.

VAT pia usiiachie programu. Ukitaka kujua iliyomo ndani ya bei ya 1,160, shika kikokotoo, piga asilimia 16 ya 1,160, upate 185.60. Iliyomo ni 160. Unagawa kwa 116 kwanza, kisha unazidisha kwa 16. Lakini zile 25.60 za ziada zinakufanya mkwepa kodi mkarimu.

Hatua ya sita: tarehe 20, saa tano usiku

Ritani ya kila mwezi mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo uanze kulitafuta nenosiri la iTax tarehe hiyo hiyo, saiba ikifungwa. Kijana wa saiba analijua. Ndilo alilowawekea wateja wake wote wa Majengo Mapya. Mwambie ajaze sifuri. Ukichelewa, faini ni 10,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa, na sifuri haikuokoi: hata asiyeuza kitu analipa 10,000 kwa kunyamaza.

Hatua ya saba: wakija

Watakuja wawili, viatu safi, faili kwapani. Wewe wa Likoni sema mwenye duka amevuka feri, na foleni wanaijua. Wewe wa Changamwe taja malori ya bandarini. Wa Kisauni, daraja la Nyali. Kisha ongeza kwa unyenyekevu: "Mimi nimeajiriwa tu, bosi."

Wakiuliza kuhusu ile picha yako kwenye bango juu ya mlango, ya mita mbili, koti la buluu na kidole kikionyesha mabati, sema ni kakako. Mnafanana.