Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Bei Elekezi

Mheshimiwa Bei Elekezi wa Pamba,
Barabara ya Pamba,
Mwanza.

YAH: OMBI LA KUSTAAFU KWAKO KWA HESHIMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa taadhima anayostahili kiumbe asiyelima, asiyepalilia wala kuchuma, lakini msimu wa pamba ukifunguliwa hutajwa kabla ya mkulima.

Kwanza pokea pongezi za mwaka 2019. Ulitushukia na shilingi 1,200 kwa kilo, na wakubwa wakaonya asithubutu mtu kununua chini ya hapo. Tulishangilia, nisikufiche. Msimu uliotangulia ulikuwa 1,100, kwa hiyo hata mlevi aliiweza hesabu: tumeongezwa mia. Kasoro ilikuwa moja tu, tena ndogo. Soko la dunia halikuletewa nakala ya tangazo lako. Marekani na China walikuwa wanakomoana kwa ushuru, bei ya pamba huko nje ikaporomoka, na wanunuzi wakapiga hesabu wakaona kila kilo watakayoinunua kwa amri yako wataiuza kwa hasara. Wakafanya kama angefanya yeyote mwenye akili timamu na mkopo wa benki. Wakakaa nyumbani.

Pamba nayo ikakaa nyumbani. Mzee mmoja wa Magu niliyemtembelea alikuwa ameijaza sebuleni, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa dirisha. Viti vilihamia chini ya mwembe. Kibatari kilipigwa marufuku mlangoni, chakula cha usiku kikawa kinaliwa nje, gizani, kwa kuogopa cheche. Kuku wawili tu ndio walioelewa manufaa ya sera ile: walichimba shimo katikati ya lundo, wakawa wanatagia humo. Nilipouliza kuhusu fedha, mzee alinionyesha ule ukuta mweupe akasema yeye ni tajiri wa shilingi 1,200 kwa kilo, ila hajazishika. Jirani yake alikuwa radhi kuuza kwa mia tisa, mkono kwa mkono, siku hiyohiyo, maana ada ya shule haingoji. Akaambiwa hairuhusiwi, anajidhulumu.

Ndipo nikajiuliza, Mheshimiwa, pamba ile ilikuwa ya nani hasa? Shamba mkulima analilima tangu enzi za baba yake. Sumu amekopa, na itakatwa humohumo kwenye kilo. Funza wakishambulia, hasara ni yake. Mvua ikigoma, njaa ni yake. Miezi yote hiyo hakuna anayemnyang'anya umiliki. Siku anayotaka kuuza, ghafla pamba inakuwa suala la kitaifa, na wadau wanaitisha kikao. Mtu asiyeweza kuuza kwa bei aliyoiridhia, kwa mnunuzi aliyemchagua, mimi simwiti mwenye mali. Huyo ni mlinzi wa ghala, tena asiye na mshahara.

Najua utanijibu kwamba unamlinda dhidi ya walanguzi. Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa mdogo na nimelifanyia uchunguzi. Kwa lugha ya ofisini, anayekuja kijijini na fedha taslimu ni mlanguzi, na anayekuja na ahadi ni mdau.

Sikatai kwamba wapo wezi. Wanunuzi wamechezea mizani, na sisi tumemwagia pamba maji na kuitia mchanga ili ipande uzito, tusijifanye malaika. Lakini wazee wetu wa Kanda ya Ziwa walikwishaonyesha dawa yake. Miaka ya mwanzo ya 1950, walipochoshwa na mizani ya wafanyabiashara, walichukua hatua wenyewe. Waliweka wapimaji wao, waliowalipa wenyewe, wakasimama kando ya mizani. Kutoka hapo ukakua ushirika, na mwaka 1955, chini ya Paul Bomani, ikazaliwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya wakulima barani Afrika. Ile ilikuwa mali binafsi, Mheshimiwa, hata kama wenyewe walikuwa maelfu. Waliungana kwa hiari.

Kilichofuata unakijua, maana ulikuwepo. Ushirika ukapewa ukiritimba, na mkulima asiye na mahali pengine pa kuuza hana wa kumtishia. Mwaka 1966 ikaundwa tume kuchunguza uozo uliojaa humo, na dawa iliyopatikana ikawa kuuweka ushirika mkononi mwa serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa kabisa, halafu mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, na mwaka 2018 tukaamriwa tena pamba yote ipitie AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika. Mlango ule umefunguliwa na kufungwa mara nyingi kiasi kwamba bawaba zimelegea, na kila mara tunaambiwa ni kwa faida yetu.

Sasa, ili uone bei inavyozaliwa bila amri, nikualike soko la samaki la Mwaloni Kirumba, si mbali na ofisini kwako. Nenda asubuhi, dagaa wakiteremshwa kutoka visiwani. Nilimwona mama mmoja wa Kikongo akizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatoa dagaa watano wa chini kabisa, akamtafuna mmoja, kisha akatema. Mchanga. Akahamia gunia la pili, la dagaa waliokaushwa juu ya chanja. Akatafuna, akameza, akaanza kuvutana bei na mwenye gunia. Zile dakika kumi zilikuwa na kelele nyingi, hata matusi mawili ya Kiswahili cha kwao ambayo sikuyaelewa. Kisha akahesabu noti. Muuzaji wa dagaa wa chanja aliondoka na fedha zaidi kuliko aliyeanika wake mchangani, na siku hiyo huyo wa mchangani alikuwa anaulizia mbao za chanja zinauzwaje. Hakuna aliyemwelekeza. Ile bei ilikuwa habari, akaisikia.

Ombi langu si kubwa. Endelea kutangazwa, lakini kama wanavyotangaza utabiri wa hali ya hewa: pamba huko duniani leo inauzwa kadhaa, jana ilikuwa kadhaa. Sisi tutasikiliza, kisha kila mtu ataamua mwenyewe kama abebe mwavuli. Anayetaka kuuza kwa AMCOS auze, anayetaka kumsubiri mnunuzi mwingine asubiri. Na yule mzee wa Magu mwachie sebule yake. Fedha zake zilipofika, wale kuku walikuwa wameshaangua.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa mkulima wa pamba,
Kirumba, Mwanza.

Nakala: Soko la Dunia (ili safari hii lipate taarifa mapema).