Vumbi Tu, Kaka

Lenzi ya kuvuta ya mtumba hununuliwa kwa sababu tatu: harusi, mpira na simba wa Mikumi. Mpiga picha wa harusi huihitaji kwa kuwa padri hapendi kuona mtu akitambaa karibu na altare. Wa mpira huihitaji kwa kuwa goli liko mbali. Wa Mikumi, kwa kuwa simba naye ana mipaka yake. Ikiwa mpya dukani, bei yake humkumbusha mtu ada za watoto, na hapo ndipo safari ya Kariakoo inapoanza, mnunuzi akiwa na picha ya lenzi aliyotumiwa kwenye simu. Picha hiyo huwa safi, imetulia, haina hata chembe ya ukungu. Inasahaulika tu kwamba lenzi haiwezi kujipiga picha yenyewe. Usafi ule ni wa lenzi nyingine.

Mtaani lenzi yoyote ndefu huitwa zumu, na sifa yake ni moja: inavuta. Kwa haki, zumu ni lenzi inayobadili urefu wake wa fokasi, iwe inavuta au haivuti. Ya milimita 10 hadi 18 ni zumu kamili, lakini hukisukuma kitu mbali zaidi kuliko kilivyo. Zinazovuta ni za 70 hadi 200, au 75 hadi 300. Kwenye kamera za Canon zenye sensa ndogo (sensa ya kupokea mwanga, isiyohusiana na ile ya watu na makazi), milimita 300 huvuta kama 480 za sensa kubwa, kwa kuwa kipande cha picha kinachochukuliwa ni kidogo na hesabu huzidishwa kwa 1.6. Muuzaji anaijua hesabu hii kuliko jedwali la shule ya msingi, na humtajia hata mwenye kamera ya sensa kubwa asiyehusika nayo.

Namba nyingine, iliyoandikwa kuzunguka kioo cha mbele, ndiyo inayoliza watu. Lenzi moja imeandikwa 2.8, ya jirani yake 4 hadi 5.6. Ya kwanza ni nzito kama tofali, karibu kilo moja na nusu, na bei yake ni mara nyingi zaidi. Mnunuzi akiuliza kwa nini, jibu huwa tayari: "Bosi, ile ni mbili nukta nane tu. Hii inafika tano nukta sita." Mtu aliyelelewa akijua kwamba namba kubwa ndiyo bora huondoka hapo akijiona mjanja. Namba hiyo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa upana wa tundu la mwanga; kwa hiyo ikikua, tundu linapungua, na 5.6 huingiza robo tu ya mwanga wa 2.8. Kinachoitwa 4 hadi 5.6 maana yake ni kwamba kadiri lenzi inavyovuta ndivyo inavyofumba jicho. Saa sita mchana Kariakoo, jua likiwa utosini, tofauti hiyo haionekani hata kidogo. Huonekana saa kumi na mbili jioni ndani ya kanisa, bwana harusi anapotoka kwenye picha na pete nne.

Kabla ya hayo yote kuna suala la kitako. Lenzi ya Nikon haikai kwenye Canon, na hakuna kiasi cha kusukuma kitakachobadili jambo hilo, ingawa wapo waliojaribu. Hata ndani ya ukoo mmoja ndugu hawaelewani. Canon walibadili kitako chao mwaka 1987, na lenzi za FD za kabla ya hapo, ambazo bado huuzwa kwa maneno matamu, hazifungi kwenye kamera za EOS zilizofuata. Lenzi za EF-S, za sensa ndogo, zina alama ya mraba mweupe mahali pa doa jekundu, na mwenye kamera ya sensa kubwa akiona mraba huo ashukuru na kuondoka. Nikon wao walikaa na kitako cha F kwa miongo mingi tangu 1959, uaminifu wa kupigiwa mfano, ila mtego wao uko kwingine: kamera zao ndogo, kuanzia D40 ya mwaka 2006, hazina mota ya kuzungusha fokasi ya lenzi za zamani. Lenzi inafunga vizuri, inalia "tak", inapendeza, halafu haifokasi. Mwenyewe atabaki kuizungusha kwa mkono kama anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima.

Ukaguzi wa kioo unahitaji tochi ya simu. Lenzi huelekezwa kwenye mwanga, jicho likichungulia kwa mshazari upande wa pili, na hapo ndipo hutambulikana vumbi ni lipi na fangasi ni yupi. Vumbi ni vidoadoa visivyo na mpango. Fangasi ana mizizi na matawi, kama mto Rufiji unapogawanyika kabla ya kuingia baharini. Hupenda giza, hewa iliyotulia na unyevu, na kabati la nguo la Dar es Salaam wakati wa masika humpa vyote vitatu. Lenzi ikiwa ndani ya begi la ngozi, anapata na kitoweo. Mnunuzi akiionyesha ile delta, muuzaji huisogeza machoni, huigeuza, kisha hutoa hukumu: "Vumbi tu, kaka. Hilo unapuliza linatoka." Anapuliza. Halitoki, kwa kuwa liko kwenye kioo cha tatu kutoka mbele, na kilichoongezeka ni unyevu wa pumzi yake.

Fangasi kidogo, kusema kweli, hamuui mtu. Picha nyingi za mchana hutoka salama, na aibu huja pale tu taa ya jukwaa au jua la machweo linapoingia moja kwa moja: picha nzima hupauka kama iliyochovywa kwenye maziwa. Lakini aliyekwisha kula utando wa juu wa kioo huacha kovu hata akisafishwa, na fundi wa kufungua lenzi na kuirudisha ilivyokuwa ni adimu kuliko wa kuifungua tu. Kinga ni boksi la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, vilivyokaushwa upya mara kwa mara. Wanaotumia mchele hupata unga wa pumba ndani ya pete ya zumu, na mchele wenyewe hauliki tena.

Baada ya kioo ni mitambo. Lenzi ifungwe kwenye kamera ya mnunuzi mwenyewe, yenye chaji, kwa kuwa kamera ya dukani ina desturi ya kuishiwa betri wakati huo huo. Vile visu vidogo vinavyobana tundu la mwanga viwe vikavu. Vikiwa na mafuta hukawia kufunga na picha hung'aa kupita kiasi. Gazeti libandikwe ukutani, lipigwe picha kamera ikiwa imelitazama sawasawa, kisha maandishi ya pembe nne yalinganishwe. Pembe moja ikisomeka vibaya kuliko zote, lenzi hiyo huenda iliwahi kuanguka, na muuzaji atakumbuka kwamba ni ya shemeji yake.

Fokasi isipofanya kazi, itazamwe kwanza swichi ya pembeni. Kosa hili lina historia ndefu na wahanga wasomi. Mtu anafika nyumbani, kamera haifokasi, usiku halali. Asubuhi anaipeleka kwa fundi, ambaye anaingia nayo nyuma ya pazia kwa dakika tano, zinasikika sauti za bisibisi, kisha anatoka nayo ikiwa nzima. Elfu kumi. Nyuma ya pazia swichi imesukumwa kutoka MF kwenda AF. Hizo bisibisi zilikuwa za kumtuliza mteja.

Zumu iliyolegea ni ugonjwa wa uzee na hauna tiba ya heshima. Ikining'inizwa shingoni, lenzi hujirefusha yenyewe taratibu kuelekea chini, na ndani ya daladala hufika kwenye pilau ya abiria aliyeketi kabla mwenyewe hajashtuka. Wengi huivalisha mpira wa kufungia noti.

Kuna pia kituliza-mtikisiko, ambacho baadhi ya lenzi za bei ya chini hazina. Bila hicho, kasi ya shata isipungue urefu wa fokasi: milimita 300 zinataka angalau 1/300 ya sekunde, na kwenye sensa ndogo karibu 1/500. Anayepiga kwa 1/30 akidai ana mkono wa chuma anatengeneza pete nyingine za bwana harusi.

Kitu cha kwanza kupigwa na lenzi mpya ya mtumba huwa si harusi, mpira wala simba. Huwa ni mwezi. Kwenye milimita 300 mwezi hauchukui hata milimita tatu za sensa, na kamera, ikiona giza tupu pembeni, huuangaza mpaka unakuwa kitumbua cheupe. Mwezi uko juani muda wote. F/11 na 1/100 kwa ISO 100 huutosha.

Kisha familia, iliyovumilia mazungumzo ya lenzi kwa wiki mbili, huomba picha yake sebuleni. Lenzi ya 75 hadi 300 kwa kawaida haifokasi kitu kilicho chini ya mita moja na nusu, na kwenye sensa ndogo watu sita waliokaa kwenye makochi huhitaji umbali wa mita nane au zaidi. Sebule ina nne. Mpiga picha hurudi nyuma hadi ukutani, ambapo anapata jicho la mama mkwe na sehemu ya kilemba. Anatoka nje. Picha hupigwa kutoka uani, kupitia nondo za dirisha, wote wakiwa wametulia na kutazama mbele kama mahabusu.